Picha Iliyokataliwa: Kupunguza Ukubwa wa Picha za Stakabadhi Bila Kupoteza Maandishi

Ni saa tano usiku. Makataa ya kutuma maombi ya basari yanafika saa sita. Mzazi amejaza fomu yote kwa simu yake: majina ya mtoto, shule, kidato, nambari ya kitambulisho, kijiji na wadi. Kimebaki kitu kimoja tu, nacho ni kupakia picha za kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua kutoka shuleni. Anabonyeza. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu yanatokea maandishi mekundu kwamba faili ni kubwa mno. Anapiga picha upya. Ni kubwa mno. Anajaribu mara ya tatu na bando inakwisha.

Hali hii inaweza kumkuta yeyote siku hizi, kwa sababu huduma za umma zimehamia mtandaoni, na karibu kila ombi, liwe la kazi, la leseni ya biashara, la basari au la huduma kwenye eCitizen, linadai viambatisho. Mifumo mingi huweka kikomo cha ukubwa wa kila faili. Kimoja kitakubali megabaiti 2, kingine megabaiti 1, kingine kilobaiti 500 tu. Kamera ya simu, kwa upande wake, haijui chochote kuhusu vikomo hivyo. Inapiga picha kubwa kadiri iwezavyo.

Lipo kosa la upande wa pili ambalo halizungumzwi sana, na ambalo ni baya zaidi. Mwombaji anapoona faili yake imekataliwa, huibana picha hadi inakuwa ndogo kabisa. Mfumo unaipokea bila neno. Majuma kadhaa baadaye afisa anayepitia maombi anaifungua na kukuta ukungu: muhuri unaonekana kama doa, nambari ya kitambulisho haijulikani kama inaishia na 3 au 8. Aliyekataliwa na mfumo anajua papo hapo kwamba amekataliwa na anaweza kurekebisha. Aliyetuma picha isiyosomeka analala akijua amemaliza kazi.

Kwa hiyo swali si jinsi ya kuifanya picha iwe ndogo tu. Ni jinsi ya kuipunguza hadi ipite, na kusimama kabla maandishi hayajapotea.

Uzito wa picha unatoka wapi

Picha ya simu ni nukta nyingi za rangi zilizopangwa kwa mistari, kama shanga kwenye mkufu wa Kimaasai. Kila nukta inaitwa pikseli. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 hupiga picha yenye pikseli 4,000 upande mmoja na 3,000 upande wa pili. Ukizidisha unapata pikseli milioni 12. Kila pikseli ikiandikwa kwa baiti tatu, moja ya wekundu, moja ya kijani na moja ya bluu, picha hiyo moja ingekuwa na megabaiti 36.

Haifiki huko kwa sababu simu huibana picha kabla ya kuihifadhi. Njia inayotumiwa sana ni ile ya JPEG, iliyokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992 na ambayo jina lake ni herufi za mwanzo za jina la kundi la wataalamu walioibuni. Inategemea udhaifu wa jicho la binadamu. Jicho hutambua vizuri tofauti ya mwanga na kivuli, lakini halitambui vizuri mabadiliko madogo ya rangi. Basi JPEG huigawa picha katika vijiraba vya pikseli 8 kwa 8, hubakiza yale ambayo jicho litayaona na kuyatupa mengi ambayo halitayakosa. Ndiyo maana megabaiti 36 hushuka hadi 3, 4 au 5 bila mtu kuona tofauti.

Kutokana na hilo kuna mambo mawili ya kupunguza, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni idadi ya pikseli, yaani vipimo vya picha. La pili ni ubora, yaani kiasi ambacho JPEG imeruhusiwa kutupa. Programu nyingi za kupunguza picha huonyesha mambo haya kama vitu viwili tofauti, cha kwanza kikiwa na nambari za pikseli na cha pili kikiwa na kipimo cha ubora kutoka 0 hadi 100.

Kwa stakabadhi, mwombaji aanze na vipimo. Picha ya 4,000 kwa 3,000 ikishushwa hadi 1,600 kwa 1,200 inabaki na pikseli chini ya milioni 2, ambayo ni chini ya sehemu moja kwa sita ya zile za mwanzo. Faili ya megabaiti 4 itakaribia kilobaiti 650 hata kabla ya kugusa ubora. Ubora ukishushwa hadi 80 au 75, inashuka tena, na maandishi bado yanasomeka.

Wanaoanza na ubora ndio wanaojuta. Herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe ina ukingo mkali, na ukingo mkali ndio kitu cha kwanza kuharibika JPEG inapobanwa kupita kiasi. Uso wa mtu au shamba la mahindi vitavumilia ubora wa 50 bila kelele. Barua ya mwalimu mkuu haitavumilia. Vile vijiraba vidogo huanza kujitokeza kuzunguka kila herufi kama vumbi, na nambari ndogo ndizo zinazoumia kwanza.

Kazi nusu inafanyika kabla ya kupiga

Kuna jambo ambalo hata wahudumu wa saiba wenye uzoefu hulisahau. Ukubwa wa faili hautegemei pikseli peke yake. Unategemea pia kilichomo ndani ya picha. Karatasi iliyowekwa juu ya kitambaa cha meza chenye maua, au juu ya leso, itatoa faili nzito kuliko karatasi ileile iliyowekwa juu ya meza tupu, kwa sababu JPEG inalazimika kuyaandika maua yote. Mzazi wetu wa saa tano usiku huenda anatumia sehemu kubwa ya kilobaiti zake kutuma picha ya kitambaa cha meza.

Giza nalo huongeza uzito. Kamera ikikosa mwanga hujaza picha chembechembe za rangi ambazo hazikuwepo kwenye karatasi, na chembechembe hizo hazibaniki vizuri. Picha iliyopigwa saa nne asubuhi karibu na dirisha, bila jua kali kuangukia karatasi moja kwa moja, itakuwa na maandishi makali zaidi na mara nyingi faili nyepesi zaidi kuliko ile iliyopigwa usiku chini ya balbu moja. Mwangaza wa kamera yenyewe hausaidii sana, hasa kwa kitambulisho na vyeti vilivyopakwa plastiki, kwani huacha doa jeupe katikati, na doa hilo lina tabia ya kuangukia nambari.

Kisha kuna suala la umbali. Kitambulisho ni kadi ndogo. Mtu akikipiga picha kutoka mbali, kikachukua robo tu ya upana wa picha, basi picha ikishushwa hadi pikseli 1,600 kitambulisho kinabaki na pikseli 400 tu kutoka ukingo hadi ukingo. Humo ndimo jina, tarehe ya kuzaliwa, wilaya na nambari vinatakiwa kutosha. Kadi ileile ikijaza picha nzima, hata pikseli 1,000 zinatosha na kubaki. Kwa hivyo mwombaji asogeze simu karibu, au akate kingo baadaye. Kukata kingo ni hatua rahisi inayopatikana kwenye karibu kila simu ya kisasa, chini ya sehemu ya kuhariri picha, na ndiyo pekee inayopunguza uzito bila kugusa hata herufi moja.

Kwa karatasi ya A4, kama barua ya shule au cheti cha masomo, kipimo kinachofaa ni pikseli 1,754 kwa 1,240 hivi. Hizo ni nukta 150 kwa kila inchi ya karatasi. Nukta 200 zinafaa zaidi pale ambapo kuna maandishi madogo au muhuri uliofifia. Anayekwenda saiba kupitisha karatasi kwenye skana anaweza kumwambia mhudumu vivyo hivyo: «Nipe nukta 150, au 200 kwa hii yenye muhuri.» Skana nyingine huwa zimewekwa kwenye 600. Kwa kipimo hicho ukurasa mmoja una pikseli karibu milioni 35, mara 16 ya zile za 150, na hakuna afisa yeyote anayehitaji kuona nyuzi za karatasi.

Njia zilizoko tayari kwenye simu

Wengi tayari wana chombo cha kupunguza picha na hawajui. WhatsApp hupunguza kila picha inayotumwa kwa njia ya kawaida, ikishusha upande mrefu hadi takriban pikseli 1,600. Mwenye simu anaweza kujitumia ujumbe mwenyewe, au kumtumia mtu wa nyumbani anayemwamini, kisha akaihifadhi picha iliyopunguzwa na kuipakia kwenye fomu. Kwa kitambulisho kilichojaza picha nzima, njia hii inatosha kabisa. Kwa ukurasa wa A4 wenye maandishi madogo, ni afadhali achague ubora wa juu, ambao WhatsApp iliuongeza mwaka 2023 na huonekana kama herufi HD juu ya picha kabla ya kutumwa.

Tahadhari ni moja. Picha ipunguzwe mara moja, kutoka kwa ile ya asili. Cheti kilichotumwa na mtoto kwa mama, mama akakituma kwa mjomba, mjomba akakipiga picha ya skrini ili kukituma kwa mhudumu wa saiba, kimebanwa na kubanwa tena, na kila mara kuna kilichotupwa. Kilichotupwa hakirudi. Kukikuza tena kuwa pikseli 4,000 hakurudishi chochote, kunaongeza uzito tu.

Simu nyingi za Samsung zina sehemu ya kubadilisha vipimo ndani ya programu ya picha: mtu hufungua picha, huenda kwenye kuhariri, hugusa vitone vitatu na kuchagua «Resize». Kwenye kompyuta yenye Windows, programu ya zamani ya Paint inafanya kazi hiyohiyo, na kitufe chake kina jina hilohilo. Pale ahakikishe alama ya kudumisha uwiano imewekwa, la sivyo upana na urefu vitapungua kwa viwango tofauti, na uso wa mtu kwenye picha ya pasipoti utatoka umebonyea au umerefuka kama kivuli cha jioni. Picha kama hiyo hurudishwa.

Kwa kurasa kadhaa, njia safi zaidi ni kutumia kamera ya stakabadhi badala ya kamera ya kawaida. Programu ya Google Drive kwenye simu za Android ina sehemu ya kuskani, na iPhone ina sehemu kama hiyo ndani ya programu yake ya Notes. Zote hutafuta kingo za karatasi zenyewe, hukata meza iliyobaki, hunyoosha ukurasa uliopigwa kwa upande, na kuunganisha kurasa kuwa faili moja ya PDF. Hapo ule uzito wa kitambaa cha meza unaondoka bila mtu kuufikiria.

Lakini PDF si dawa yenyewe. Wapo wanaoichukua picha ya megabaiti 5, wakaigeuza PDF, wakashangaa kuona PDF ina megabaiti 5. Ni sawa na kutia jiwe kwenye bahasha: bahasha inapendeza, jiwe halijapungua. Picha ipunguzwe kwanza ndipo iwekwe ndani ya PDF. Vilevile, kulibadilisha jina la faili kutoka .png kuwa .jpg hakupunguzi chochote, na mifumo mingine itaikataa faili hiyo kwa sababu jina na kilichomo havilingani. Kuifunga JPEG ndani ya faili ya zip nako ni bure, kwa maana tayari imebanwa.

Kuhusu PNG, hiyo ni aina ya faili inayohifadhi kila pikseli bila kutupa kitu. Ndiyo simu nyingi hutumia zinapopiga picha ya skrini. Inafaa kwa nembo na michoro yenye rangi chache, lakini picha ya kawaida ikiwa PNG inaweza kuwa nzito mara kadhaa kuliko JPEG. Nao wenye iPhone wakumbuke kwamba tangu mwaka 2017 simu hizo huhifadhi picha kwa aina iitwayo HEIC. Ni nyepesi na nzuri, ila mifumo mingi ya maombi haiifahamu na huikataa bila kueleza vizuri. Katika mipangilio ya kamera, chini ya «Formats», kuna chaguo la «Most Compatible» linaloifanya simu ipige JPEG.

Swali lingine linaloulizwa ni kama kuigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe kunasaidia. Kunasaidia kidogo tu, kwa sababu JPEG tayari imeshatupa sehemu kubwa ya rangi. Hasara yake ni kwamba muhuri wa bluu au mwekundu unachanganyika na maandishi meusi yaliyo chini yake, na afisa hawezi tena kutofautisha sahihi na wino wa muhuri. Kwa stakabadhi iliyopigwa muhuri, rangi ibaki.

Hesabu ya bando

Mwombaji mwenye stakabadhi sita, kila moja megabaiti 4, anatuma megabaiti 24. Akizipunguza hadi kilobaiti 300 kila moja, anatuma megabaiti 1.8. Mahali ambapo mtandao ni dhaifu na simu inapeleka kilobiti 100 tu kwa sekunde, mzigo wa kwanza ungechukua zaidi ya nusu saa, ikiwa mtandao hautakatika hata mara moja. Mzigo wa pili unachukua chini ya dakika 3. Na mtandao ukikatika, faili hurudi mwanzo mara nyingi, bando iliyokwisha tumika ikiwa imekwenda bure.

Huyu ndiye mkazi anayebeba mzigo mkubwa zaidi. Aliye mjini na mtandao wa nyumbani hata hahisi. Aliye pembezoni, anayelazimika kupanda mlima kutafuta mtandao au kulipa bodaboda hadi sokoni, ndiye ambaye picha nzito inamnyima nafasi. Hafungiwi na masharti ya ombi lenyewe bali na uzito wa faili. Inafaa kusemwa wazi pia kwamba wajibu huu si wa mwombaji peke yake. Mfumo unaoonyesha kikomo chake mapema, kabla mtu hajajaza kurasa tatu, na unaopunguza picha wenyewe inapopokelewa, humwondolea mwananchi taabu nyingi kuliko makala yoyote.

Kitambulisho chako kinapita kwa nani

Mtandaoni kuna tovuti nyingi za bure zinazoahidi kupunguza picha. Nyingi hufanya kazi hiyo kwa kuichukua picha na kuipeleka kwenye kompyuta zao, aghalabu ng'ambo, na kurudisha nakala ndogo. Kwa picha ya ng'ombe anayeuzwa, hakuna hasara. Kwa kitambulisho ni jambo jingine. Nakala yenye jina kamili, nambari, tarehe ya kuzaliwa na uso wa mtu imebaki kwa asiyejulikana, na hizo ndizo taarifa ambazo matapeli huzitafuta ili kujifanya mtu mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa Mkenya haki ya kujua data yake inatumiwaje na kudai ifutwe, lakini kuitekeleza haki hiyo dhidi ya tovuti isiyo na anwani si rahisi.

Zipo tovuti chache zinazofanya kazi ndani ya kivinjari cha mtumiaji mwenyewe bila picha kuondoka kwenye simu au kompyuta. Squoosh, iliyotolewa na wahandisi wa Google mwaka 2018, ni mojawapo. Huonyesha picha ya asili na iliyopunguzwa ubavu kwa ubavu, na kilobaiti za kila moja, hivyo mtu huona kwa macho yake pale ambapo maandishi yanaanza kuharibika. Kwa anayetaka kuelewa ubora ni nini, dakika tano hapo zinatosha.

Kwenye saiba, hatari haiko kwenye programu. Iko kwenye kinachobaki nyuma. Picha iliyopakuliwa kutoka WhatsApp au barua pepe hukaa kwenye folda ya vilivyopakuliwa mpaka mtu aifute, na ikifutwa huenda kwenye pipa la taka la kompyuta, ambalo nalo linahitaji kumwagwa. Kabla ya kulipa na kuondoka, mwombaji amwombe mhudumu afute nakala zote, atoke kwenye WhatsApp ya kompyuta na kwenye barua pepe yake. Wahudumu wengi wamezoea ombi hili na hawaoni vibaya.

Jambo la mwisho chini ya hili halihusu stakabadhi. Picha ya simu hubeba maelezo yasiyoonekana: saa iliyopigwa, aina ya simu, na ikiwa huduma ya mahali imewashwa, mahali penyewe kwa usahihi wa mita chache. Picha ya mtoto iliyopigwa nyumbani inaweza kuwa na ramani ya kufika nyumbani. WhatsApp huyaondoa maelezo hayo inapotuma kama picha. Ikitumwa kama faili ya stakabadhi, huyabakiza. Anayeuza pikipiki au mbuzi kwenye makundi ya mtandaoni na asiyetaka wageni wajue boma lake lilipo anaweza kuzima alama ya mahali ndani ya mipangilio ya kamera.

Kabla ya kubonyeza tuma

Picha ikiwa imepunguzwa, ifunguliwe tena kwenye simu na kukuzwa kwa vidole viwili. Mwombaji asome nambari ya kitambulisho tarakimu kwa tarakimu, asome jina la shule kwenye muhuri, asome tarehe. Akilazimika kukumbuka ndipo asome, basi afisa ambaye hana cha kukumbuka hataweza. Njia ya hakika zaidi ni kumpa mtu mwingine simu, mtoto wa jirani akiwepo, na kumwambia asome nambari kwa sauti. Akikosea tarakimu moja, picha irudiwe.

Ukubwa wa faili huonekana kwenye maelezo ya picha, kwa kawaida kwa kutelezesha picha juu au kugusa vitone vitatu. Megabaiti 1 ni sawa na kilobaiti 1,000 au 1,024, kutegemea mfumo unavyohesabu, kwa hiyo faili yenye kilobaiti 1,010 inaweza kukataliwa mahali panaposema megabaiti 1. Inafaa kubakiza nafasi. Kikomo kikiwa kilobaiti 500, faili ya 400 iko salama, na hakuna haja ya kuishusha hadi 60. Mtu hapewi alama kwa kutuma faili ndogo zaidi.

Jina la faili nalo lisaidie. «IMG_20394» haimwambii mtu kitu. Jina la mwombaji na aina ya stakabadhi, bila alama za ajabu, hurahisisha kazi upande wa pili. Baada ya kutuma, nambari ya kuthibitisha ihifadhiwe, na kama mfumo unaruhusu, viambatisho vifunguliwe kutoka ndani ya mfumo wenyewe ili kuona kilichopokelewa.

Vikundi vya vijana, vya akina mama na kamati za wadi zinazotuma picha za miradi kwa ajili ya jarida hili hazipaswi kufuata ushauri huu, maana uchapishaji unahitaji kinyume chake. Picha ya kuchapishwa huhitaji nukta 300 kwa inchi, kwa hivyo ile ya WhatsApp yenye pikseli 1,600 inatosha upana wa sentimita 13 na nusu tu, na ikikuzwa kujaza ukurasa sura za watu huwa ukungu. Picha hizo zitumwe kama faili ya stakabadhi ndani ya WhatsApp au kwa barua pepe, zikiwa na ukubwa wake wa asili, pamoja na jina la kijiji, tarehe, na majina ya waliomo kuanzia kushoto.